Maombi ya Monika: Neno juu ya Kitabu cha Maungamo

Viko vitabu vingi vielezavyo habari za watu walioomba wakapewa. Vingi katika hivyo vimeandikwa kwa namna ya daftari la mwenye duka: siku fulani niliomba hiki, na siku fulani nikapokea hiki. George Müller, mtu wa Prussia aliyehamia Uingereza na kufungua nyumba ya yatima katika mji wa Bristol mwaka 1836, aliweka hesabu yake kwa namna hiyo, wala mimi simlaumu. Fedha ile ilikuwa ya watoto, na ilimpasa mwenye kuitunza aonyeshe ilivyoingia na ilivyotoka. Lakini wako watu waliosoma habari kama zile, au waliosimuliwa tu, wakadhani ya kuwa daftari ndiyo imani yenyewe. Mtu wa namna hii aendapo kumtazama jirani aliyefiwa na mtoto, baada ya jirani huyo kupiga magoti majuma mawili kando ya kitanda, humwambia ya kwamba hakuomba kwa imani. Neno hilo nimelisikia kwa masikio yangu matangani, likisemwa mbele ya watu, na mama wa mtoto ameketi chini mkekani, naye akilisikia.

Kwa ajili ya neno lile napenda kuwaeleza wasomaji kitabu cha namna nyingine. Ni kitabu cha Mwafrika, wala si kipya: kilianza kuandikwa karibu na mwaka 397, naye mwandishi wake ni Augustino, askofu wa mji wa Hipo, ambao leo huitwa Annaba, katika nchi ya Algeria. Jina la kitabu ni Maungamo. Kina sehemu kumi na tatu. Tisa za kwanza zaeleza maisha ya mwandishi tangu kuzaliwa kwake mwaka 354, katika mji mdogo wa Tagaste, mahali palipo leo Souk Ahras, hata kufa kwa mama yake mwaka 387. Katika sehemu hizo tisa mna maombi mengi, mengine ya kitoto, mengine ya machozi. Nami nataka kuyatazama hayo peke yake, kuona jinsi kitabu kinavyoyaeleza majibu yake, na mahali kinapotutosheleza, na mahali kisipotutosheleza.

Jambo la kwanza ni namna kilivyoandikwa. Augustino hasemi nasi. Tangu mstari wa kwanza asema na Mungu, na sisi wasomaji tumesimama mlangoni tukisikia sauti ya mtu anayesali ndani. Wengine huchoka upesi kwa sababu hiyo, maana hadithi hukatizwa kila mara na sifa na maulizo. Lakini angalia faida yake. Mtu anayewasimulia watu jinsi alivyojibiwa hujaribiwa kuongeza chumvi. Mtu anayemsimulia yule aliyejibu hawezi, kwa kuwa anasema na mwenye kujua yote. Ndiyo sababu Augustino hana haya kusema mahali pengine ya kuwa aliomba na hakupewa, wala hana haraka ya kutoa udhuru kwa niaba ya Mungu.

Mfano wa kwanza utawachekesha walimu wenzangu, au huenda usiwachekeshe. Katika sehemu ya kwanza aeleza jinsi alivyofundishwa kumwomba Mungu akiwa mtoto mdogo, na ombi lake kubwa lilikuwa asipigwe shuleni. Aliomba kwa bidii kuliko kimo chake. Hakusikiwa. Alipigwa kama wenzake, na watu wazima, hata wazazi wake wasiomtakia ovu lo lote, waliicheka alama ya fimbo mwilini mwake. Akiandika habari hii alikuwa mtu wa miaka arobaini na zaidi, naye ni askofu, na bado jambo lile halijamtoka moyoni. Asema ya kwamba kutosikiwa kwake hakukuwa kwa hasara yake. Lakini papo hapo awauliza wale wakubwa kwa nini walicheka. Huo ndio unyofu wa kitabu hiki. Haupaki chokaa uso wa mtoto anayelia ili Mungu aonekane vizuri.

Sasa weka karibu na habari hiyo ile ya jino, iliyo katika sehemu ya tisa. Katika majira ya kupukutika majani ya mwaka 386, Augustino alikuwa akikaa na rafiki zake mahali pa mashamba karibu na Milano, akijitayarisha kwa ubatizo. Jino likamwuma, maumivu yakazidi hata hakuweza kusema. Akaandika katika kibao cha nta kuwaomba waliokuwapo wamwombee, akawapa wakisome. Walipopiga magoti tu, maumivu yakatoweka. Asema aliogopa, kwa kuwa tangu utoto hakupata kuona jambo kama lile. Basi, mtoto anayelia kwa ajili ya fimbo hakusikiwa, na mtu mzima mwenye jino alisikiwa kabla waombaji hawajasimama. Mwandishi wa daftari angetafuta kanuni hapa: mmoja alikuwa na imani, mwingine hakuwa nayo, mmoja alikuwa peke yake, mwingine aliombewa na wengi. Augustino hatafuti. Aeleza yote mawili na kuendelea na safari yake.

Lakini kiini cha jambo ni habari za Monika, mama yake. Monika alikuwa Mkristo, mkewe Patricius, mtu mwenye hasira aliyeamini mwishoni mwa maisha yake. Mwana wao alikuwa na akili nyingi, na alipofika miaka kumi na tisa alijiunga na wafuasi wa Mani, watu waliochanganya jina la Kristo na hadithi za falme mbili, ya nuru na ya giza, zinazopigana tangu milele. Mama akamlilia kama watu wamliliavyo maiti. Ndipo ilipomjia ndoto. Alijiona amesimama juu ya ubao ulionyoka, na kijana mwenye kung'aa akamwuliza sababu ya machozi yake, kisha akamwambia atazame: mahali alipo yeye, na mwanawe yupo. Akatazama, akamwona Augustino amesimama kando yake juu ya ubao ule ule. Mwana alipoelezwa ndoto, akafanya werevu, akasema maana yake ni kwamba mama atakuja kuwa kama yeye. Monika akajibu pale pale, pasipo kufikiri: sivyo, hakuambiwa kwamba alipo mwanawe naye atakuwapo, aliambiwa kwamba alipo yeye, mwanawe atakuwapo. Augustino akiri ya kuwa jibu lile la upesi lilimchoma kuliko ndoto yenyewe. Hata hivyo miaka karibu tisa ilipita baada ya ndoto, naye yumo matopeni.

Katika muda huo Monika alimwendea askofu mmoja, ambaye kitabu hakimtaji jina, akimsihi akazungumze na mwanawe amrudishe. Askofu akakataa. Yeye mwenyewe alikuwa amelelewa utotoni katika dini ile ya Mani, akasoma vitabu vyake karibu vyote, akauona upotovu wake bila kuambiwa na mtu. Kwa hiyo alisema kijana hafundishiki bado, aachwe, aombewe tu, atajifunza kwa kusoma. Monika hakuridhika. Akazidi kumsihi na kulia. Askofu akaudhika kidogo, akamwambia aende zake, kwani haiwezekani mtoto wa machozi kama yale apotee. Mama akalipokea neno lile kana kwamba limetoka mbinguni.

Napenda sana ukurasa huu, kwa sababu mwandishi hakuficha kwamba askofu aliudhika. Neno lililomtia mama nguvu miaka mingi lilitoka kinywani mwa mtu aliyechoka kusumbuliwa, aliyetaka mgeni wake aende nyumbani. Angaliandika mwingine, angemfanya askofu ainue macho juu na kusema kwa sauti ya nabii. Twaona katika 1 Samweli 1 ya kwamba Hana naye alipewa neno lake la faraja na Eli, kuhani aliyekuwa amemdhania kuwa mlevi. Mungu, kama Maandiko yasemavyo habari zake, hangoji wajumbe wake wawe na tabia nzuri siku hiyo.

Sasa twafika pwani, katika sura ya nane ya sehemu ya tano. Ni mwaka 383. Augustino alikuwa akifundisha ufasaha wa maneno huko Kartago, katika nchi iitwayo leo Tunisia. Wanafunzi wake walikuwa wakorofi, wakiingia darasani kwa fujo, naye alisikia ya kuwa wale wa Rumi ni watulivu. Akaazimu kuhamia Rumi. Monika akamfuata mpaka bandarini, akamshika kwa nguvu, ama arudi naye nyumbani, ama wasafiri pamoja. Mwana akamdanganya mama yake. Alisema yupo rafiki ambaye hataki kumwacha mpaka upepo upatikane na jahazi litweke. Monika akakataa kurudi peke yake. Ndipo akambembeleza alale katika nyumba ya ukumbusho wa shahidi Sipriani iliyokuwa karibu na chombo. Usiku ule mama alikuwa ndani akiomba na kulia, na mwana aliondoka kwa siri. Upepo ukavuma, matanga yakajaa, pwani ikapotea machoni pao. Asubuhi Monika akaenda huko na huko kama mwenye kichaa kwa huzuni, akimlalamikia Mungu.

Aliomba nini usiku ule? Aliomba jambo moja tu, kwamba Mungu asimwache mwanawe asafiri. Ombi hilo lilikataliwa waziwazi, kwa upepo. Augustino asema ya kwamba Mungu aliliacha lile aliloliomba mama usiku ule, ili afanye lile aliloliomba sikuzote. Kwa maana ni huko ng'ambo, Milano, alikomkuta askofu Ambrosi, akaamini, akabatizwa usiku wa Pasaka mwaka 387. Laiti Monika angalipewa ombi la usiku, angalikosa ombi la miaka.

Hakuna, kwa kadiri niwezavyo kuamua, sura iliyoeleza jambo la maombi kwa uzuri kuliko hii nje ya Maandiko. Inatenga mambo mawili tuyachanganyayo kila siku, ombi na haja iliyo chini ya ombi. Mtu huomba mvua, na haja yake ni chakula. Huomba mwanawe asiende kazi ya mbali, na haja yake ni asipotee. Paulo naye, katika 2 Wakorintho 12, aliomba mara tatu mwiba utoke, wala haukutoka, akapewa kitu kingine. Na Bwana mwenyewe bustanini aliomba kikombe kimwondokee. Wale wanaowaambia waliofiwa ya kwamba hawakuwa na imani, wamweke Bwana Yesu katika hesabu yao, waone kama hesabu itakaa sawa.

Walakini nina maneno mawili ya kukilaumu kitabu mahali hapa. La kwanza ni dogo. Augustino asema shauku ya mamaye ya kuwa naye ilikuwa ya kimwili, ilihitaji kupigwa na mjeledi wa huzuni, tena aikumbuka laana ya Hawa. Naona ni mkali mno, hasa yeye aliyekuwa amemdanganya usiku ule ule. Mwana aliyetoroka asingekuwa mwepesi kuhesabu makosa ya mama aliyeachwa. Kweli, uongo wake aukiri waziwazi mbele za Mungu, wala hasemi kwamba kwa kuwa mwisho ulikuwa mwema basi na uongo ulikuwa mwema. Hilo nampa. Lakini ule mjeledi angaliuacha.

La pili ni kubwa zaidi. Sura ile iliandikwa baada ya miaka kumi na minne hivi. Mwandishi ajua mwisho wa hadithi. Ameketi Hipo katika kiti cha askofu, aitazama pwani ile ya Kartago kutoka mbali, na kutoka hapo aiona njia yote. Monika hakuiona. Asubuhi ile hakuwa na sura ya nane ya kusoma. Alikuwa na bahari tupu. Hatari ya ukurasa huu ni kwamba msomaji ataitwaa hekima iliyopatikana baada ya miaka kumi na minne, aipeleke kwa mtu aliye bado pwani, siku ya kwanza, na kumwambia kwa uso wa furaha kwamba hakika amenyimwa ili apewe kilicho bora. Huenda ikawa kweli. Lakini Augustino hakumwambia mama yake hivyo siku ile, wala hakuna mtu katika kitabu aliyemwambia. Yeye aliruhusiwa kulalamika, na malalamiko yake yameandikwa, na baada ya kulalamika akarudi nyumbani akaendelea kuomba. Kwa hiyo nasema, kama sura hii isomwe matangani, isomwe mpaka asubuhi ile ya bahari tupu, na msomaji anyamaze hapo.

Tena kuna jambo ambalo Augustino mwenyewe hakulitia mkazo, nami naliona ni zuri. Monika aliyeomba jahazi lisisafiri, mwishowe alipanda jahazi yeye mwenyewe, akamfuata mwanawe. Njiani bahari ilichafuka, na wakati wa hatari, ambapo mabaharia ndio wenye desturi ya kuwatuliza abiria, yeye ndiye aliyewatuliza mabaharia, akiwaambia kwamba watafika salama. Alipofika Milano akamkuta mwana ameacha mafundisho ya Mani, lakini hajawa Mkristo. Hakurukaruka kwa furaha. Alisema kwa utulivu ya kuwa anaamini atamwona mwumini kamili kabla ya yeye kuondoka duniani, kisha akarudi kanisani kuomba.

Sasa nataka kuja katika sura ambayo wengi huipita upesi, ya kumi na tatu katika sehemu ya sita. Huko Milano shauri likafanywa la kumwoza Augustino mke wa heshima, na Monika ndiye aliyekuwa mbele katika posa, akitumaini ya kuwa akiisha kuoa atabatizwa. Mwana akamwomba mama amwulize Mungu kwa njia ya maono kama ndoa itakuwaje. Mama akaomba, tena kwa bidii, kila siku. Hakuonyeshwa cho chote. Aliona mambo fulani usingizini, ya kipuuzi, yatokayo katika moyo unaotaka sana kuona. Akamsimulia mwanawe, lakini bila kuyaamini, akisema ya kwamba iko ladha, asiyoweza kuieleza kwa maneno, impambanuliayo lililofunuliwa na Mungu na lililootwa na nafsi yake tu.

Mwanamke huyu alikuwa amepewa ndoto moja ya kweli, iliyokuwa ikimtegemeza miaka mingi. Alikuwa na sifa ya mtu anayeonyeshwa. Mwanawe msomi alikuja kwake kuomba maono. Ingalikuwa rahisi namna gani kusema amepata! Sisi tunawajua watu ambao, wakiisha kuota mara moja ndoto iliyotimia, hawakosi tena ndoto hata usiku mmoja. Kila mwenye shauri la posa, au la shamba, au la mwizi, huwaendea, nao hawamrudishi mtu mikono mitupu. Monika alimrudisha mwanawe mikono mitupu. Mimi nahesabu kutojibiwa huku, na ukweli wake juu ya kutojibiwa, kuwa ushuhuda mkubwa kuliko ile ndoto ya ubao.

Hata hivyo posa iliendelea. Naye yuko mwanamke mwingine katika habari hii. Augustino alikuwa amekaa miaka kumi na zaidi na mwanamke wa Afrika bila ndoa, naye alimzalia mwana, Adeodato, maana yake aliyetolewa na Mungu. Kwa kuwa alikuwa kizuizi cha ndoa mpya, aliondolewa ubavuni pake. Augustino asema moyo wake ulijeruhiwa ukatoka damu. Mwanamke akarudi Afrika, akamwachia mtoto, naye akaweka nadhiri mbele za Mungu ya kwamba hatamjua mwanamume mwingine. Mchumba wa Milano alikuwa bado mdogo, amepungukiwa karibu miaka miwili ya kuolewa. Na Augustino, asiyeweza kungoja, akatwaa mwanamke mwingine. Haya yote ayaeleza mwenyewe, wala hajitetei.

Nilipowasomea habari hii wanawake fulani katika darasa la jioni, mmoja aliuliza: na yule aliyerudishwa kwao, yeye aliomba nini, na alijibiwa nini? Sikuwa na la kumwambia, kwa kuwa kitabu hakisemi. Hakisemi hata jina lake. Baadaye nalifikiri sana swali hilo, nikaona ndilo lawama kuu niwezayo kuitoa juu ya kitabu cha Maungamo katika jambo hili la maombi. Mungu hakumjibu Monika habari ya ndoa. Na tukiendelea kusoma twaona kwamba ndoa ile haikuwako kabisa, maana Augustino alipoamini katika bustani ya Milano mwaka 386, aliacha mashauri yote ya kuoa, na mama yake akafurahi kuliko kama angalipata wajukuu. Basi kunyamaza kwa Mungu kulikuwa na maana. Lakini watu hawakungoja maana ile. Walipoomba na wasipojibiwa, walifanya kama walioambiwa endeleeni, na mwanamke mmoja akalipa gharama yake. Hapa naona somo la maombi ambalo mwandishi mwenyewe hakulitamka: kwamba yupo mtu anayeumia kwa sababu mwingine hakustahimili ukimya. Nadhiri ya mwanamke yule yamo katika maneno machache ya sura ya kumi na tano, na baada yake hatusikii habari zake tena.

Sehemu ya tisa yaeleza mwisho wa Monika. Walikuwa Ostia, bandari ya Rumi, wakingoja chombo cha kurudi Afrika. Kwa miaka mingi Monika alitamani azikwe Tagaste kando ya mumewe; alikwisha kujitayarishia kaburi. Homa ikamshika, na siku ya tisa akafa, naye ana miaka hamsini na sita. Kabla ya kufa aliwaambia wanawe waulaze mwili wake mahali po pote, wasisumbuke. Aliomba neno moja tu, wamkumbuke penye madhabahu ya Bwana. Kwa hiyo lile ombi la kaburi hakunyimwa kwa nguvu, alilifungua mwenyewe mkononi likaanguka. Akazikwa Ostia. Mwaka 1945 vijana wawili waliokuwa wakichimba shimo la kusimika mti wa mchezo, karibu na kanisa moja la mji ule, walikuta kipande cha jiwe chenye maandiko ya Kilatini, nacho kilikuwa sehemu ya ubeti ulioandikwa zamani juu ya kaburi lake.

Na baada ya maziko mwana naye aliomba asisikiwe. Alikuwa amejizuia asilie mbele ya watu, hata mtoto Adeodato alipopaza sauti walimnyamazisha. Moyoni alimsihi Mungu amponye huzuni yake, wala hakuponywa. Akaenda kuoga, kwa kuwa alisikia ya kuwa maji ya hamamu hufukuza majonzi. Akatoka kama alivyoingia. Akalala. Alipoamka huzuni ilikuwa imepungua kidogo, akakumbuka tenzi ya Ambrosi, kisha akamkumbuka mama yake alivyokuwa, na machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Alilia sehemu ndogo ya saa, naye aogopa kwamba wasomaji watamhesabia dhambi. Mimi nasoma hivi: aliomba huzuni iondolewe, akapewa machozi. Yeye hasemi kwamba yale machozi yalikuwa jibu. Huenda hakuona, au aliona akaacha sisi tuone.

Mwishoni mwa sehemu hiyo awasihi wote watakaosoma kitabu chake wamkumbuke Monika, na Patricius mumewe, penye madhabahu, ili ombi la mwisho la mama litimizwe kwa vinywa vya wengi kuliko kwa chake peke yake. Makanisa yetu hayapatani katika jambo la kuwaombea waliokufa, nami siingii katika ubishi huo hapa. Wasomaji wa kila kanisa waweza kuona jinsi mwana aliyemdanganya mamaye pwani alivyojitahidi baadaye kutimiza neno lake.

Atakaye kukisoma kitabu hiki asianze na kurasa za kwanza, ambazo ni nzito kwa asiyezoea. Aanze pwani, sura ya nane ya sehemu ya tano, aendelee hata mwisho wa sehemu ya sita, kisha aruke mpaka ya nane na ya tisa. Ndipo arudi mwanzo. Katika sehemu ya kumi, sura ya ishirini na sita, mna maneno machache juu ya watu wote wanaomwuliza Mungu shauri, na jinsi wasivyosikia wote wanalotaka kusikia. Na yafaa kusomwa pole pole. Sehemu tatu za mwisho, zisemazo juu ya wakati na juu ya mwanzo wa Mwanzo, ziachwe mpaka apatikane mwalimu wa kusaidia. Na wasomewe pia wasiojua kusoma, jioni, sura moja kila siku, kwa maana kitabu hiki kiliandikwa kwa sauti ya mtu asemaye, na sikio hukifahamu upesi kuliko jicho.